Tupeane uzoefu: umewahi kupima makinda wa klabu kwa Football Manager? Ilikuaje?

#1 (mtoa mada)

Wadau habari za muda huu. Naomba tukusanye stori zetu za Football Manager hapa, ile gemu ya kompyuta unayoendesha klabu kama kocha, sio zile za nani kabeba ubingwa wa Ulaya na timu ya daraja la nne, hizo zipo nyingi, nataka za makinda. Ulimuona kijana kwenye gemu, ukamuamini au ukampotezea, halafu ikawaje. Naanza mimi.

Nina sevu (gemu niliyoihifadhi na kuiendeleza) ya Athletic Bilbao nimekaa nayo muda mrefu sana. Mnajua ile klabu inachukua Wabasque tu au waliolelewa kisoka kulekule, kwa hiyo sokoni huna lako, unategemea wale watoto wanaoingia mara moja kwa mwaka, ukikosea kuwapima umekosea kwa misimu mitano mbele. Mwaka mmoja wakaingia wawili walionikaa kichwani. Kiungo mmoja ripoti ya kocha ndani ya gemu ikampa nyota nne na nusu kati ya tano, na beki wa kulia akapewa mbili na nusu. Kiungo nikamtunza kama yai, beki nikaacha mkataba wake uishe hata sikumfungua profaili mara ya pili.

Misimu minne baadaye yule beki kaja San Mamés, uwanja wetu, na timu nyingine. Kujituma 17 kati ya 20, pumzi 16, anapanda anashuka dakika tisini na winga wangu hakugusa kitu siku ile. Kiungo wangu yupo benchi ana miaka 20 na namba zimegoma palepale tangu ana 17. Iliniuma kweli.

Nikairudia ile ripoti ya zamani maana nilikuwa nimeipiga skrinishoti, nikakuta vitu viwili nilivyokuwa navipita kila siku. Nyota sio za mchezaji peke yake, ni za mchezaji akilinganishwa na kikosi ulichonacho muda huo, na mwaka ule viungo wangu walikuwa hoi kwa hiyo yeyote mwenye pasi ya maana alionekana lulu, wakati kulia nilikuwa na mabeki wawili wa timu ya taifa, sasa mtoto wa miaka 16 angeng'aa vipi hapo. Halafu kingine ni nani kaandika ripoti. Kocha niliyemsikiliza alikuwa na 9 kati ya 20 kwenye kutambua uwezo wa baadaye. Tisa! Na nyota kibao kwenye ile ripoti zilikuwa nyeusi, yaani wenyewe wanakwambia hapa hatuna uhakika, mi nilizihesabu zote kama za dhahabu.

Siku hizi namkagua kwanza mwenye ripoti, mtoto anafuata. Karibuni.

#2

Mkuu umegusa penyewe. Mi ni wa zamani kidogo, nimeanza na Championship Manager 01/02, mzazi wa hii Football Manager, ile gemu ya ndugu wawili Paul na Oliver Collyer walioanza nayo 1992. Sasa kwa sisi wa enzi hizo ukisema makinda tunakumbuka majina matatu tu: Cherno Samba wa Millwall, Tonton Zola Moukoko wa Derby County mzaliwa wa Kinshasa, na Maxim Tsigalko wa Dinamo Minsk. Tsigalko nilimsajili kila sevu bila kufikiri, anafunga mpaka unaona aibu kwa wapinzani.

Kwenye maisha halisi Samba akafika kuichezea Gambia lakini haikuwa ile njia tuliyoiona kwenye skrini, Moukoko hakufika kikosi cha kwanza cha Derby, na Tsigalko majeraha yalimstaafisha mapema, akafariki mwaka 2020 akiwa na miaka 37 tu. Siku niliyosoma ile habari nilikaa kimya muda. Nilimjua kwa namba kwa karibu miaka ishirini na sikuwahi kujua kwamba yule mtu mwili unamuuma.

Hiyo ndo stori yangu. Tangu siku hiyo nikiona kinda halisi kapewa namba kubwa na gemu najiuliza aliyemtazama alimuona wapi, mechi ngapi, na akicheza dhidi ya nani. Maana zile namba hazitoki hewani, kuna watafiti zaidi ya elfu moja duniani wanaofuatilia klabu moja moja, wengi ni mashabiki wanaoenda uwanjani wenyewe. Mtu akimkuta kijana wa miaka 15 mwenye mwili wa miaka 19 anawaburuza wenzake, lazima macho yatamdanganya, hata skauti anayelipwa yanamdanganya.

#3

Wapo wanaosema gemu haina kitu, lakini Everton walisaini kutumia databesi yake ya wachezaji mwaka 2008, na 2014 Prozone, kampuni ya takwimu za mpira, wakaiingiza kwenye mfumo wao wa kutafuta wachezaji uliokuwa unatumiwa na klabu. Sio mchezo wa watoto.

Ila kuitumia nako kuna namna yake. Mi nilifanya hivi: nikachukua klabu ninayoishabikia (siitaji nisilete ubishi wa timu), nikaandika daftarini vijana wote kumi na nane wa kikosi cha vijana, nikaanzisha sevu tano tofauti, sishiki timu yoyote, naacha gemu itembee yenyewe miaka kumi, halafu naangalia kila mmoja kafika wapi. Laptopu ilikuwa inavuma kama feni usiku kucha.

Matokeo yakanishangaza mpaka nilipoelewa sababu. Kuna winga mmoja sevu ya kwanza yupo timu ya taifa, ya pili yupo daraja la pili, ya tatu timu ya taifa tena, ya nne kashastaafu akiwa na 26, ya tano wa kawaida tu. Kumbe kinda ambaye watafiti hawana uhakika nae hapewi namba moja ya uwezo wa mwisho, anapewa fungu. Uwezo unahesabiwa mpaka 200, sasa mwenye alama ya -8 anaweza kuangukia popote kati ya 130 na 160, mwenye -9 ni 150 mpaka 180, na gemu inachagua upya kila unapoanzisha sevu mpya. Kwa hiyo mtu anayekwambia "huyu dogo kwangu alikuwa hatari" kakwambia habari ya sevu yake moja.

Nilichokipata cha maana ni kwa wale wasiobadilika. Kulikuwa na kipa na beki wa kati, sevu zote tano wamefika kiwango kilekile karibu. Nikawachunguza nikakuta wote wawili haiba yao ni ya watu wenye nidhamu ya kazi. Winga wangu haiba ilikuwa ya kawaida tu, akipata klabu nzuri na wakubwa wazuri anapaa, akikosa anazama. Hapo ndo nikaanza kuangalia haiba kabla ya kasi.

#4

Naomba nichangie ingawa mimi sichezi sana, anayecheza ni kaka yangu. Mi nafundisha mpira watoto chini ya miaka 14.

Kaka alinionyesha ule ukurasa wa mchezaji, namba 1 mpaka 20 zimepangwa, nikapenda jinsi walivyovunja vitu. Mimi nilikuwa nasema "ana spidi" basi, kumbe kuna kuchomoka hatua tatu za kwanza na kuna kasi ya mbio ndefu, ni vitu viwili. Nilikuwa nasema "anajua mpira", kumbe kuna kusoma mchezo mapema, kuna kujipanga bila mpira, kuna utulivu ukiwa na mpira miguuni. Nikaandika orodha yangu, vitu kumi na mbili, nikawa nakaa pembeni mazoezini na daftari, kila wiki naangalia kitu kimoja tu kwa watoto wote. Wiki ya kusoma mchezo nikagundua mtoto ambaye nilikuwa namuweka akiba msimu mzima anafika kwenye mpira kabla ya wenzake mara nyingi kuliko wote, tatizo miguu yake mifupi basi haonekani akikimbia.

Nikaangalia tarehe za kuzaliwa. Kwenye timu yangu kumi na moja wa kwanza karibu wote wamezaliwa miezi ya mwanzo wa mwaka, yeye Novemba. Kwa mtoto wa miaka 12 miezi kumi ni mwili tofauti kabisa. Gemu haiwezi kukwambia hilo, ila ndo iliyonifanya nikae nitazame vizuri mpaka nikaliona.

Sasa kosa nililofanya. Siku moja niliacha daftari wazi kwenye benchi, mtoto mwingine, kiungo mzuri tu, akaona jina lake na pembeni "utulivu 6". Hakusema kitu. Mechi iliyofuata kila akipata mpira anaupiga mbele haraka, mtoto ambaye kazi yake ilikuwa kuutuliza. Nikamuita nikamuuliza akasema "mwalimu si umeandika mi sina utulivu". Niliumia jamani. Nilimuomba msamaha, nikamwambia ile ni ya wiki moja na mimi ndo niliyekosea kuiandika kama jina lake. Namba nikaacha kabisa, sasa naandika sentensi: leo alipokea akiwa amebanwa mara nne, mara mbili aligeuka.

#5

Daah #4 hiyo sentensi ya mwisho naiba.

Yangu fupi. Nilinunua straika wa miaka 17, kila kitu 14, 15, 16, skauti wawili wanamsifia. Ndani ya misimu mitatu kacheza mechi 22. Nyama za paja, kifundo, nyama za paja tena. Kumbe kuna namba zilizofichwa ambazo huzioni kwenye profaili, wepesi wa kuumia, uthabiti wa kiwango, mechi kubwa, zote hizo unaziokota kwenye maneno ya skauti na mimi maneno sikuyasoma nilisoma nyota. Mtoa mada kataja Athletic, angalia Iñaki Williams wa kweli, alicheza mechi 251 mfululizo za La Liga kuanzia 2016 mpaka 2023. Kuwepo uwanjani kila wiki nako ni kipaji na hakuna nyota yake.

#6

Mimi naongezea dakika za kucheza. Kabla ya miaka 18 viwanja vya mazoezi na makocha vinamlea vizuri, lakini baada ya hapo asipocheza mechi za ushindani anaganda. Mtoa mada nina wasiwasi kiungo wako wa nyota nne na nusu ulimganda mwenyewe. Alicheza ngapi akiwa na 18 na 19?

#1 (mtoa mada)

#6 nimeenda kuangalia. Akiwa na 18, mechi 6, zote katokea benchi. Akiwa na 19, mechi 9. Nilikuwa naogopa kumpeleka kwa mkopo asije akaharibika huko. Beki niliyemuacha aliangukia daraja la pili akacheza mechi 34 msimu wa kwanza tu. Kwa hiyo hata ripoti naionea, mtoto hakupewa nafasi ya kuithibitisha wala kuikanusha. Sevu bado ninayo, kijana ana 20, usiku huu namtafutia klabu ya mkopo ambayo nafasi yake kuna pengo.

#4 na yule kiungo wa utulivu 6 yukoje sasa?

#4

Yupo, hajakosa mazoezi. Jumamosi alipokea mpira amegeukia goli letu, watu wawili mgongoni, akaukanyaga, akasubiri mmoja apite, akageukia upande wa pili. Nimeiandika hivyohivyo nikampa daftari asome mwenyewe.