Maganda ya Martini-Henry .577/450: kuyaunda kutokana na shaba ya geji 24

Mlinzi_wa_Kale (Ohio, Marekani)

Salaam kwenu nyote. Mwaka jana nilinunua bunduki ya Martini-Henry iliyotoka katika ile shehena kubwa ya silaha kongwe iliyonunuliwa Nepal mwaka 2003. Imegongwa taji, herufi VR (za Malkia Victoria), jina la kiwanda cha Enfield na mwaka 1878, na kwa kuwa ilitengenezwa kabla ya 1899, sheria ya shirikisho huku inaihesabu kuwa kitu cha kale. Nimeipeleka kwa fundi wa bunduki, akaikagua mtutu, chemba (tundu linaloshika ganda) na springi, akaniambia inafaa kupigwa kwa baruti nyeusi peke yake.

Tatizo langu ni maganda. Risasi zake, ziitwazo .577/450, haziuzwi madukani, na maganda mapya yanayotengenezwa na Bertram wa Australia ni mazuri lakini bei yake inaumiza. Nikaagiza maganda ya shaba ya geji 24 ya Magtech, yale ya bunduki ya marisau, nikanunua na kalibu, yaani kifaa cha chuma cha kuyafinya yapate umbo la ganda la Martini. Katika maganda 10 ya kwanza, 7 yamekunjamana begani, pale ganda linapopungua kuelekea shingoni, kama kitambaa kilichopigwa pasi vibaya, na moja limepasuka mdomo. Nilifuata maelezo yaliyokuja na kalibu, nikapaka mafuta kwa wingi, nikashusha mkono wa presi mara moja kwa nguvu. Je, nimekosea wapi? Na je, ganda la geji 24 linafaa kweli, au nijikaze tu ninunue yaliyo tayari?

Mkereza_Shaba (Yorkshire, Uingereza)

Ndugu, pole kwa hasara, ila usiyatupe maganda hayo kwanza. Nashukuru pia kwamba bunduki yako ni ya Enfield, kwa sababu shehena ile ya Nepal ilikuwa na bunduki nyingi za Gahendra zilizotengenezwa hukohuko, ambazo kwa macho zinafanana na Martini, lakini uimara wa chuma chake ni wa kutiliwa shaka na wengi wetu tunaziacha ukutani.

Yatazame maganda yako mahali penye mwanga wa kutosha, kwa maana hapo pana makosa mawili tofauti. Ukiona mkunjo wenye makali, unaoshuka kutoka shingoni hadi begani, hiyo ni shaba iliyokuwa ngumu mno ikalazimishwa kupungua kwa pigo moja. Ukiona kishimo laini cha mviringo ambacho hakina makali, hayo ni mafuta: yalinaswa kati ya ganda na kalibu, yakakosa njia ya kutoka, yakasukuma shaba ndani. Wewe unasema ulipaka kwa wingi, kwa hiyo huenda unayo yote mawili.

Kumbuka unachoiomba shaba ifanye. Mdomo wa ganda la geji 24 una upana wa kama 16 mm, nawe unataka shingo ya takriban 12.5 mm. Shaba ya maganda, ambayo ni shaba nyekundu asilimia 70 na zinki asilimia 30, huzidi kuwa ngumu kila inapofinywa, na ikishafika ukomo wake hujikunja au hupasuka. Dawa yake ni moto. Mimi hulisimamisha ganda katika sinia lenye maji yanayofika nusu ya kimo chake, kitako kikiwa ndani ya maji, halafu naupitisha mwali wa gesi kuzunguka mdomo na sehemu itakayokuwa bega, huku taa ya karakana nimeipunguza ili nione rangi inavyobadilika. Mara tu shaba inapoanza kuonyesha dalili ya wekundu hafifu gizani, naondoa moto na kulilaza ganda majini. Maji hayo hayaifanyi shaba kuwa laini wala ngumu, kwa sababu shaba si feleji, ambayo huwa ngumu ikipozwa ghafla. Kazi yake ni kuzuia joto lisiteremke kitakoni. Kitako kikilainika, ganda hilo halifai tena kwa kazi yoyote, kwani ndicho kinachozuia nguvu ya baruti isimrudie mpigaji.

Baada ya hapo, punguza shingo kwa hatua. Kama una kalibu ya kati, itumie. Kama huna, ishushe kalibu uliyonayo kidogo kidogo, nusu mzunguko kila mara, ukiligeuza ganda kidogo kabla ya kila pigo. Paka mafuta ya mbarika kidogo sana kwa ncha ya kidole, na begani ni kama usipake kabisa. Mimi hulainisha kwa moto mara mbili kabla shingo haijakamilika. Mwisho wa yote ndipo ukate urefu: ganda la geji 24 lina 63.5 mm, la Martini linahitaji kama 59.7 mm, na ukikata mapema utajuta, kwa sababu shingo hurefuka inapofinywa.

Baruti_Nyeusi

Naunga mkono aliyoandika Mkereza, na naongeza kuhusu lile swali la kama ganda la geji 24 linafaa. Linafaa, na si kwa bahati. Geji 24 maana yake ni mtutu ambao tufe la madini ya risasi linaloujaza lina uzito wa ratili moja iliyogawanywa kwa 24, na tufe hilo lina kipenyo cha inchi .579 hivi. Ganda la Martini nalo lilizaliwa kutokana na lile la bunduki ya Snider, lenye inchi .577, likabanwa shingo lishike risasi ya .450. Unachofanya katika karakana yako ndicho walichofanya wao mwaka 1871, ila wao hawakuwa na ganda la kipande kimoja. Walikunja bati jembamba la shaba kama karatasi, wakalifunga kwenye kitako cha chuma. Bunduki ikishapata moto, ganda lile liling'ang'ania chembani, na kitoa-ganda kiling'oa kitako peke yake, kama ilivyowasumbua askari wa Uingereza kule Abu Klea, Sudan, Januari 1885.

Jambo ambalo halijatajwa bado ni ukingo, ule mdomo uliotokeza kuzunguka kitako cha ganda. Pima ukingo wa ganda la Magtech kwa kalipa, kisha ulinganishe na nafasi iliyochongwa chembani. Utakuta ukingo wa ganda lako ni mwembamba kuliko nafasi hiyo. Ukilipuuza jambo hilo, ganda litasogea mbele, fataki (kiwashio kilicho kitakoni) itapigwa kinyonge, na baada ya mipigo michache shaba itavutika juu tu ya kitako na kukatika. Wengine hukereza pete ya kuongeza unene. Mimi hutumia kipete cha mpira mbele ya ukingo kwa mpigo wa kwanza, wenye baruti kidogo, ili ganda lisimame nyuma kabisa na bega lijae chemba. Tangu hapo sirudishi mwili wote ndani ya kalibu. Nafinya shingo tu, ganda linakaa kwa bega lake, na habari ya ukingo imekwisha. Ila maganda hayo yatakuwa ya bunduki yako hiyo peke yake.

Mtazamaji_Mombasa

Shikamooni wakubwa. Nasoma kwa hamu, lakini naomba wasomaji wa huku wasije wakadhani mambo haya ni ya kujaribu uani. Kenya tunayo Sheria ya Silaha za Moto, Sura ya 114, na Tanzania wana Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Kutengeneza risasi bila kibali ni kosa pande zote mbili, hata kama bunduki yenyewe ni ya enzi za babu.

Mkereza_Shaba

Marahaba. Hata huku Uingereza, .577/450 imo katika orodha ya risasi zilizopitwa na wakati, kwa hiyo naweza kuitundika bunduki sebuleni bila cheti, lakini siku ninayotaka kuipiga, cheti kinahitajika.

Mlinzi_wa_Kale

Ndugu zangu, nimerudi na matokeo. Nilipoyatazama upya, matano yalikuwa na mikunjo mikali na mawili yalikuwa na vishimo vya mafuta, kama ilivyoelezwa. Jana nimeunda 12 kwa moto na hatua nne za kalibu. Moja tu limeharibika, nalo ni kwa sababu nilisahau kuligeuza. Ukingo nimeupima na kweli ni mwembamba, nimeagiza vipete vya mpira. Swali la mwisho: shaba imeingia weusi baada ya moto. Je, naweza kuisafisha kwa dawa ya kung'arishia vyombo?

Baruti_Nyeusi

Soma kwanza chupa. Ikiwa dawa ina amonia, iweke mbali na maganda. Jeshi la Uingereza kule India liliyahifadhi maganda yake karibu na mazizi ya farasi wakati wa masika, na amonia ya mikojo ikayapasua yakiwa sandukuni, kabla hayajapigwa, kwa sababu shaba iliyofinywa hubaki na mvuto ndani yake. Maji ya moto, sabuni na limau kidogo vinatosha, kisha yaanike juani yakauke hadi ndani. Weusi kidogo ukibaki shingoni, uache, hauna madhara.