Tupeane uzoefu: ajali za machimboni zisizoandikwa popote

Ndugu zangu, nilifanya kibarua miaka minne katika machimbo ya mawe ya chokaa karibu na Tororo, Uganda, na jicho langu la kushoto niliupoteza mwanga wake huko. Tindo niliyopewa ilikuwa imechanua kichwa kama uyoga kwa kupigwa nyundo muda mrefu bila kunolewa, na siku hiyo kibanzi cha chuma kilichomoka kwenye ukingo wake kikaniingia jichoni. Msimamizi alinipa nauli ya boda boda na shilingi elfu hamsini za dawa, akaniambia nirudi nikipona. Niliporudi baada ya wiki tano, jina langu lilikuwa limekwisha kufutwa katika daftari la malipo, na daftari la ajali halikuwahi kuwepo. Mwenye machimbo alisema hanijui, nami sikuwa na karatasi hata moja ya kumjibu.

Naomba kila mwenye kovu atueleze limetokana na nini, na kama kuna mtu aliyeandika chochote siku ile. Majina ya kampuni tuyaache.

*Mama mgonga kokoto, Acholi Quarter, Kampala*
Pole sana, mwanangu. Sisi tuliokimbia vita kaskazini tukafikia kwenye mwamba huu hatuna hata huyo mwajiri wa kutukana. Kila mtu hugonga fungu lake, na akiumia huumia peke yake. Vidole vyangu viwili vya mkono wa kushoto havikunjiki, kwa sababu nilikuwa nikilishika jiwe kwa mkono kabla ya jirani kunifundisha kulizungushia pete iliyokatwa kwenye tairi kuukuu, ambayo hulishikilia jiwe na kuzuia vipande visiruke. Kinachoniuma zaidi ni watoto, kwa kuwa tunawaweka kando yetu kwa kukosa pa kuwaacha, na kipande kinachoruka hakichagui jicho la mkubwa. Sasa namketisha mjukuu nyuma ya mgongo wangu, mbali na upande ninaopigia, na mawe nayamwagia maji kwanza ili vumbi lipungue, ingawa maji yenyewe tunayanunua kwa jerikani.

*Mchimba dhahabu, Busia*
Mwaka jana ukuta wa shimo letu ulianguka asubuhi baada ya mvua ya usiku kucha. Tulikuwa tumeondoa magogo mawili ya kutegemeza ili tupate nafasi ya kufuata mwamba wa dhahabu, na kosa hilo lilikuwa letu sote. Nilifukiwa hadi kifuani, wenzangu wakanifukua kwa mikono kwa kuogopa kunikata kwa koleo. Mbavu zilipona, lakini mwenzangu mmoja hakutoka hai, na familia yake ilipewa rambirambi tu. Baada ya hapo niliacha kushuka, sasa nasaga mawe, nainasa dhahabu kwa zebaki, kisha naichoma zebaki hiyo nyumbani ili dhahabu ibaki, kazi ambayo angalau haina kifusi.

*Aliyekuwa msimamizi wa usalama, Kasese*
Kwa aliyeanzisha mada: Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2006 inamtaka mwajiri atoe vifaa vya kinga bila kumkata mfanyakazi mshahara, na miwani ingekuwa ya kwanza katika kazi yako. Fidia ina sheria yake, na mfanyakazi akifa kwa ajali ya kazini akaacha wanaomtegemea, kiwango chake ni mapato ya miezi 60. Kwa hiyo rambirambi ile ya Busia haikuwa haki, iwapo marehemu alikuwa ameajiriwa. Nimeona madai mengi yakikwama mahali pamoja, nayo ni siku ya kwanza. Mwambie muuguzi aandike kwenye fomu ya matibabu kwamba umeumia kazini na mahali gani, chukua majina ya mashahidi wawili kabla hawajahamia machimbo mengine, kisha mpelekee taarifa afisa wa kazi wa wilaya, hata kama mwajiri amekuahidi kukutunza.

*Mvuna chumvi, Katwe*
Kwetu hakuna mwamba wa kuanguka. Maji ya chumvi hula ngozi ya miguu, na kidonda kidogo hakifungi maadamu unaingia ziwani kila siku. Sijawahi kusikia kidonda kikiandikwa kuwa ajali.

*Mwanzisha mada*
Mama, ile pete ya tairi nitawaonyesha vijana wa hapa. Mzee wa Kasese, mashahidi wangu wawili bado wapo Tororo, nitawatafuta wiki hii. Nawe ndugu wa Busia, nimeisoma habari yako mara mbili. Mvuke wa zebaki hauonekani wala haunuki, nao huharibu figo na mishipa ya fahamu, na mtoto aliye tumboni ndiye huumia zaidi. Uganda iliridhia Mkataba wa Minamata, ule wa kimataifa wa kudhibiti zebaki, mwaka 2019 kwa sababu hiyo hiyo. Umesema unachomea nyumbani: je, ni kwenye jiko wanalopikia watoto?