Naomba ushauri: nyumba kando ya barabara kuu

Habari za leo wakuu. Naomba ushauri kabla sijatoa hela.

Nimepata nyumba Bomang'ombe, kando kabisa ya barabara ya Moshi–Arusha. Vyumba vitatu, hati ipo, milioni 62. Mbele kuna fremu mbili za maduka zenye wapangaji. Mimi naziangalia fremu, mke wangu anaangalia geti linalofungukia barabarani, na mtoto wetu mdogo ana miaka minne.

Niliomba kulala pale usiku mmoja. Saa nane malori yanapita, vioo vinatetemeka na kijiko kinalia kwenye kikombe.

Nimepima kwa futi kamba kutoka katikati ya barabara: nyumba iko mita 33, fremu mita 26. Sheria ya Barabara ya 2007 ilisogeza hifadhi ya barabara (eneo lisiloruhusiwa kujengwa) kutoka mita 22.5 hadi 30 kila upande. Alama ya X, ile inayowekwa kwenye majengo ya kuondolewa, sijaiona. Dalali anasema hakuna shida, lakini dalali ni dalali.

Fremu zilijengwa 2003. Barabara ikipanuliwa, mnunuzi mpya analipwa fidia? Na mliolea watoto kando ya barabara kuu, kelele na usalama mlivimudu vipi?