HP EliteDesk 800 G1 ile nyembamba: kadi gani ya grafiki inaingia kwa laki mbili na nusu?

RamaniMoro

Wakuu, habari za jioni.

Mimi nachora ramani za nyumba hapa Morogoro, nyumba za kawaida tu, vyumba vitatu sebule na jiko. Mashine yangu ni HP EliteDesk 800 G1, lile kasha jembamba lililotumika maofisini huko miaka na miaka kabla halijanifikia mimi. Ndani kuna prosesa ya i5-4570, RAM 4GB kijiti kimoja, na SSD niliyoongeza mwenyewe mwaka jana.

AutoCAD haina shida. Shida imeanza wateja walipoanza kudai picha ya nyumba kabla hata msingi haujachimbwa. Nikifungua SketchUp, programu ya kuchora nyumba kwa 3D, nikawasha vivuli, nikapanda mwembe mmoja uani na kuegesha gari la mteja, basi tena. Nazungusha modeli, nasubiri, inaruka ruka. Jumamosi mteja alikaa pembeni yangu dakika 20 anaangalia kiduara kinazunguka. Mwishowe akaaga, akasema "utanitumia WhatsApp".

Nimepita duka moja, kijana kanionyesha kadi ya GT 730 ya 4GB kwa 120,000. Anasema 4GB ni nyingi, inabeba kila kitu. Rafu hiyohiyo kuna GT 1030 ya 2GB, na ni ghali zaidi. Hapo ndipo nilipochanganyikiwa: yenye GB chache inakuwaje ghali? Nina laki mbili na nusu, na monita yangu ni ya VGA. Naombeni mawazo kabla sijaliwa hela.

fundi_temeke

Mkuu, hela iache mfukoni kwanza.

Kinachokula muda wako cha kwanza ni hicho kijiti kimoja cha 4GB. HD 4600, yaani grafiki iliyo ndani ya i5 yako, haina kumbukumbu yake, inakula sahani moja na Windows, SketchUp na Chrome. Halafu kijiti kikiwa kimoja, njia nayo ni moja: DDR3-1600 hapo inapitisha 12.8GB kwa sekunde. Weka viwili vinavyofanana, kila kimoja kwenye njia yake, unapata 25.6. Tafuta viwili vya 8GB. RAM za DDR3 za mtumba siku hizi haziumizi, na hiyo AutoCAD unayosema haina shida utaiona nayo inapumua. Bila hivyo hata nikikupa kadi ya milioni utarudi hapa kulalamika.

Tuje kwenye kadi. Kasha lako linataka kadi ya kimo kifupi yenye bati fupi la nyuma. Pawa saplai ni ya wati 240 na haina ule waya wa pini sita wa kulishia kadi, kwa hiyo kadi itakunywa umeme kwenye sloti tu, na sloti mwisho wake ni wati 75. Ukishajua hayo mawili, kadi nyingi unazoziona mtandaoni hazikuhusu, usizitazame, utajiumiza roho bure.

Yule kijana wa duka nadhani hakudanganyi, hajui tu. GB ni ukubwa wa ghala, kasi ni upana wa mlango. GT 730 ni ya mwaka 2014, na jina hilo moja lilipewa chipu tofauti; nyingine ukiifungua ndani ni Fermi, chipu ya kizazi cha zamani, yenye kori (vikokotozi vidogo) 96. Ukijaza hizo 4GB vivuli vya mwembe wako, chipu itakaa inazitazama. GT 1030 ni ya 2017, kori 384, wati 30, ndiyo maana ni ghali. Lakini nayo ina mtego: kuna yenye kumbukumbu ya GDDR5 na kuna ya DDR4, maboksi yanafanana kama Kurwa na Doto. Ya kwanza inapitisha 48GB kwa sekunde, ya pili haifiki hata 17. Yaani umelipa kadi nzima, halafu mlango wake ni mwembamba kuliko RAM yako ya vijiti viwili!

Kwa kazi yako mimi ningetafuta Quadro P1000 ya mtumba. Kori 640, 4GB za GDDR5, wati 47, unene wa sloti moja, urefu sentimita 14 na nusu. Ilitengenezwa kwa ajili ya watu wanaochora kama wewe, na inaingia kwenye kasha lako. Ukibahatika kukuta T600 kwa hela hiyohiyo ibebe, hiyo ni ya 2021 na inakunywa wati 40 tu. Zote hizo nyuma zina matundu ya mini DisplayPort, hakuna VGA, kwa hiyo tenga na hela ya adapta.

Nakuru_Arena

Boss, mimi niko na Dell OptiPlex ndogo ya i7 kizazi cha nne, nimeweka RX 6400. Hiyo ni wati 53, kimo kifupi, sloti moja, hakuna waya. EA FC, gemu ya mpira, inacheza poa sana, watoto wa ploti wote wako kwangu Jumapili. Shida ni mbili. Inatumia njia nne pekee za PCIe, ile sloti ya kadi, na hizi mashine zetu ni PCIe 3, so kuna nguvu fulani inapotelea hapo. Ya pili, haina sehemu ya kurekodi video ndani. Nilitaka kurusha mechi YouTube, CPU (prosesa) ikabeba mzigo wote ikaanza kulia. Kama unachora tu haitakusumbua, lakini kama kuna siku utataka kurekodi modeli ikizunguka umtumie mteja, fikiria mara mbili.

MzeeWaDesktopu

Kwa nini asiuze hiyo kitu akanunua kasha kubwa? Windows 10 msaada wake uliisha tarehe 14 Oktoba 2025, na i5 kizazi cha nne haimo kwenye orodha ya Windows 11. Unapaka rangi nyumba ya kubomolewa.

fundi_temeke

Mzee, kwa Windows nakubaliana na wewe. Lakini kijana ana laki mbili na nusu, na mteja wake anasubiri picha wiki hii. P1000 ataihamishia kwenye mashine ijayo, haiozi. RAM ya DDR3 ndiyo itakayobaki kwenye nyumba yako ya kubomolewa.

Nimesahau jambo moja, RamaniMoro. Utaletewa "GTX 1050 Ti 4GB" kwa bei ya kukutia tamaa. Ya kweli ni kadi nzuri, wati 75, zipo hadi za kimo kifupi, ingawa nyingi ni nene sloti mbili, na kwenye kasha kama lako lazima upime kwanza. Ila feki ni nyingi mno. Mwaka juzi niliinunua moja kwa ajili ya mteja wangu, boksi limefungwa vizuri na plastiki. Nikaipachika, Windows ikaandika 1050 Ti bila aibu. Nikafungua GPU-Z, programu inayosoma kadi ni ya aina gani, nikakuta neno FAKE mbele ya jina. Ndani ilikuwa GTS 450, kadi ya mwaka 2010, imebadilishwa jina kwenye BIOS yake. Hela ilinirudia nusu, baada ya wiki tatu za simu. Na dalili nilikuwa naitazama kwa macho yangu: ilikuwa na tundu la VGA. Chipu za Pascal, kizazi cha 1050 Ti ya kweli, hazitoi VGA kabisa. Wewe mwenye monita ya VGA ndiye utakayeipenda ukiiona, kwa hiyo ukikuta 1050 Ti yenye tundu la bluu nyuma, rudisha hapohapo kaunta. Beba GPU-Z kwenye flashi, ni programu ya bure, na mwambie muuzaji aiwashe mbele yako.

RamaniMoro

Wakuu, nimerudi baada ya wiki mbili na siku kadhaa.

RAM nilianza nayo, viwili vya 8GB. Fundi alisema kweli, hapo tu mashine ilibadilika tabia. Bila vivuli modeli ikawa inazunguka vizuri. Nikawa nusu ya kuacha kununua kadi, hadi nilipowasha vivuli tena.

P1000 nimeipata Dar kwa 185,000, ikaja na basi. Kufungua, bati lake ni refu, fupi halimo. Muuzaji anasema hakuniahidi bati. Nikaipeleka kwa kijana anayechomea mageti hapa mtaani, akaipima kwa lile bati la kuzibia tundu la kasha, akakata, akakunja, akapiga tupa. Elfu tatu. Si zuri kutazama ila skrubu inaingia na kadi haichezi.

Nikawasha, skrini nyeusi. Nikazima, nikaitoa, nikairudisha, nyeusi. Jasho. Nikampigia muuzaji kwa sauti ambayo sasa naionea haya, kwa sababu waya wa monita ulikuwa bado kwenye VGA ya mazabodi, haujahamishiwa kwenye kadi. Nimeshamwomba radhi.

GPU-Z inasoma kori 640, 4GB, GDDR5, hakuna FAKE. Mwembe umekuwa miembe minne, vivuli vimewashwa, na nyumba inazunguka. Inashtuka kidogo nikiweka nyasi zile za kina, hizo nimeacha.

Swali dogo tu kwa fundi: adapta ya mini DisplayPort kwenda VGA niliyonunua inapata moto kiasi cha kuisikia mkononi. Ni kawaida, au nihamie tu kwenye monita ya HDMI?

fundi_temeke

Vuguvugu ni kawaida, ina chipu ndani inayobadilisha mawimbi. Ikikuchoma kidole, itupe. Na lile bati, piga picha utuwekee.