Mjadala: Je, halmashauri za vijijini zipewe kura katika maamuzi ya maji ya Dar es Salaam?

Ndugu zangu, hoja ninayoileta kwenu ni kwamba, kabla ya upanuzi mwingine mkubwa wa huduma ya maji katika jiji letu kuidhinishwa, halmashauri za vijijini ambako maji hayo hutoka na kupita ziwe na kura katika chombo kinachoamua, wala zisiishie kualikwa kusikiliza taarifa. Najua hoja hii haitawafurahisha wakazi wa pembezoni mwa jiji ambao bado wananunua maji ya maboza, na kero yao naiheshimu.

Sehemu kubwa ya maji yetu inategemea mto mmoja, Ruvu. Mtambo wa Ruvu Chini, uliojengwa mwaka 1976, una uwezo wa kuzalisha lita milioni 270 kwa siku baada ya kupanuliwa, na ule wa Ruvu Juu lita milioni 196. Mto wenyewe chimbuko lake ni milima ya Uluguru, nao huteremka kupitia Morogoro na Pwani hadi baharini karibu na Bagamoyo. Mvua za vuli zilipochelewa mwaka 2022, uzalishaji ulishuka kutoka lita milioni 466 hadi takriban milioni 300 kwa siku, mgao ukatangazwa, na lawama nyingi zikawaendea wakulima wa umwagiliaji na wafugaji walioko kando ya mto. Sitetei kuchepusha maji bila kibali, kwa sababu Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 inakataza. Ninachouliza ni nani aliyewasemea watu hao mahali ambapo mahitaji ya jiji yalikuwa yakipangwa, miaka mingi kabla ya ukame huo.

Wanaopinga husema kwamba maji yafuate watu. Kwa Sensa ya 2022, Mkoa wa Dar es Salaam una watu 5,383,728, na Pwani 2,024,947, kwa hiyo kura ya kijiji isiweze kuzuia haja ya mamilioni. Hoja hiyo ina uzito, lakini sheria zetu za serikali za mitaa za mwaka 1982 hazikujengwa juu ya hesabu ya vichwa peke yake: kata yenye watu wachache huchagua diwani mmoja, na yenye watu wengi vivyo hivyo. Tatizo ni kwamba diwani wa kata iliyo kando ya Ruvu hupiga kura katika halmashauri yake, ambayo haina kauli juu ya mabomba yanayoelekea jijini, ilhali wajumbe wa bodi ya mamlaka ya maji huteuliwa. Tangu mwaka 2019 maji ya vijijini yamekuwa chini ya RUWASA, wakala wa maji vijijini, na ya jiji letu pamoja na baadhi ya miji ya Pwani yako chini ya DAWASA, mamlaka ya maji ya Dar es Salaam. Mgawanyo huo unafaa kwa kazi ya kuchimba visima na kutoza ankara, lakini mto haukugawanywa. Hata taftishi, yaani vikao vya kukusanya maoni, za EWURA, mamlaka ya udhibiti wa huduma za nishati na maji, ambazo nazithamini sana, hujadili bei anayolipa mteja, wakati mwenye shamba mlimani si mteja wa mtu.

Pingamizi linalonisumbua zaidi ni la ucheleweshaji. Bwawa la Kidunda, mkoani Morogoro, lilizungumzwa kwa miongo kadhaa kabla ya jiwe lake la msingi kuwekwa Novemba 2023, nalo limekusudiwa kuhifadhi lita bilioni 190, kiasi ambacho, tukiacha maji yanayopotea kwa jua, kingelisha mitambo yote miwili ya Ruvu kwa zaidi ya mwaka mzima. Mradi wa namna hiyo usikwame kwa sababu kikao kimoja hakikutimiza akidi. Kwa hiyo napendekeza kura ya kawaida, isiyo ya turufu, yenye ukomo wa siku sitini, na sababu za uamuzi zichapishwe kwa Kiswahili na kubandikwa katika ofisi za vijiji.

Makubaliano ya aina hii yanawezekana. Mwishoni mwa miaka ya 2000, huko Kibungo Juu katika milima ya Uluguru, mashirika ya CARE na WWF yaliendesha mpango ambao wakulima walilipwa kwa kuchimba matuta ya ngazi na kupanda miti ili udongo usiingie mtoni, na DAWASCO, shirika lililosambaza maji jijini wakati huo, ilikuwa miongoni mwa wachangiaji. Mkulima alitambuliwa kuwa mshirika, ingawa kwa eneo dogo.

Tena tusidhani kwamba ukuaji ni wa jiji peke yake. Kwala, wilayani Kibaha, sasa ina bandari kavu na kongani ya viwanda, na viwanda hivyo vitahitaji maji kutoka bonde lile lile ambalo vijiji jirani hulima na kunyweshea mifugo.

Wanaopinga nawaomba waseme wazi: ikiwa halmashauri hizi hazistahili kura, ni chombo gani kingine ambamo mkazi wa kando ya Ruvu anaweza kumwajibisha anayeamua maji hayo yaende wapi? Na wanaounga mkono waseme kura hizo zigawanywe vipi kati ya Morogoro, Pwani na manispaa zetu, kwa maana hapo ndipo mimi mwenyewe naona ugumu mkubwa.