Mnaouza "siri ya kuku krispi" kwa elfu ishirini, mnatuibia hela na mnatuharibia kuku

Wakuu, habari za jioni. Mods, naomba uzi huu msiuunganishe na nyuzi za mapishi. Sijaleta pishi, nimekuja kulalamika, na nina hasira kwelikweli.

Mwezi uliopita wifi yangu alikuwa anakuja na familia yake kutoka Morogoro. Watu sita. Nilishawaahidi kwamba wakifika Dar watakula kuku krispi wa pilipili niliyempika mwenyewe hapa Tabata. Nikajiunga na darasa la mtandaoni: elfu ishirini kuingia kwenye kundi la WhatsApp, elfu nane nyingine kwa pakiti ya "viungo vya siri". Ahadi ilikuwa kwamba nikifuata maelekezo nitapata ladha ileile ya KFC, ganda la kuvunjika kwa mlio, pilipili hadi kwenye mfupa.

Nilinunua kuku wawili wa kisasa pale Kisutu asubuhi, wakachinjwa naona, nikafuata maelekezo neno kwa neno. Paka viungo, viringisha kwenye unga, kaanga kwenye mafuta ya moto sana, weka kwenye hotpoti wasipoe. Hayo ndiyo maelekezo yote niliyoyalipia.

Kuku wa kwanza ganda lote lilivuka likabaki kwenye mafuta. Wa pili nje alikuwa mweusi, ndani nikipasua paja nyama inavutika, mbichi kabisa. Vipande vichache vilivyonusurika nikavifunika kwenye hotpoti kama nilivyoambiwa, maana wageni walikuwa wamekwama kwenye foleni ya Kimara. Walipofika nikafungua mfuniko mbele yao. Mvuke ukanipiga usoni, matone yakawa yanadondoka kutoka kwenye mfuniko, na ganda limelowa kama mkate uliochovywa kwenye chai. Wifi alichukua kipande, akalimenya lile ganda kwa vidole taratibu, akaliweka pembeni ya sahani. Hakusema neno. Mtoto wake akauliza kama kuna ugali.

Usiku ule nikamwandikia mwalimu. Jibu la kwanza: mafuta yako hayakuwa na moto. Nikamtumia picha ya kuku aliyeungua. Jibu la pili: basi moto ulizidi, wengine mkono hauwakubali kupika. Nikauliza kwa adabu, moto wa kiasi gani sasa, na dakika ngapi? Akanitoa kwenye kundi.

Tangu siku ile nimekaanga kila Jumapili, Jumapili nne, kwa hela yangu, mpaka nikaelewa. Na nilipoelewa ndipo hasira ikapanda zaidi, kwa sababu hakuna siri yoyote. Kuna mambo ya kawaida ambayo mtu yeyote anayekaanga kuku kila siku anayajua, na mwalimu aliyakata makusudi ili turudi kununua pakiti.

Hukutuambia kwamba kuku akitoka kuoshwa anatakiwa achujwe na afutwe kwa kitambaa safi. Maji yakibaki kwenye ngozi, yanageuka mvuke ndani ya mafuta na kulisukuma ganda litoke. Hukutuambia kwamba chumvi inahitaji saa nyingi kuingia ndani. Unatuambia "paka viungo, kaanga", halafu unashangaa nyama haina ladha? Mimi sasa kuku wa kilo moja na robo namkata vipande nane, naweka chumvi vijiko vitatu vidogo, kitunguu saumu, tangawizi, pilipili kichaa za kutwanga na kikombe cha mtindi, analala kwenye friji usiku kucha. Uchachu wa mtindi unalainisha nyama, uzito wake unashika unga. Kitu cha mtindi wa dukani tu! Kwa nini hukusema?

Unga nao. Ulisema "unga", basi. Vikombe viwili vya ngano na nusu kikombe cha konfulawa (wanga wa mahindi) ndivyo vinavyokausha ganda, na unga wenyewe unatiwa chumvi na pilipili manga. Na hiki hapa ndicho kilichonitoa machozi siku nilipokipata: ukinyunyizia vijiko vitatu vya ule mtindi kwenye unga mkavu na kuusugua kwa vidole, unga unajikunja vipunje vipunje. Ukikandamiza kipande humo kwa kiganja, vile vipunje vinang'ang'ania na kuwa yale magamba yanayokatika mdomoni. Halafu vipande vinakaa dakika 20 juu ya wavu mpaka unga uloane na usione tena sehemu nyeupe kavu. Dakika 20 za kutulia, ndizo zilizozuia ganda langu kuvuka. Mwalimu kwenye video ana vipande vilivyotulia tayari pembeni, nimerudia kuitazama, vinaonekana kabisa nyuma ya bakuli. Alijua.

Tuje kwenye moto, kwa sababu hapa watu wanaweza kuumia. "Mafuta ya moto sana" si kipimo. Kuku mwenye mfupa anataka nyuzi joto 165 hadi 175 hivi, moto wa kati, dakika 12 hadi 15, mapaja yakikaa zaidi ya mabawa. Mafuta yakiwaka zaidi ya hapo ganda linaungua kabla joto halijafika mfupani. Na ukijaza vipande kumi kwenye karai moja, mafuta yanapoa ghafla, unga unayanywa, unakula sponji la mafuta. Mimi naweka vinne. Kama huna kipimajoto, chovya ncha ya mwiko wa mbao: viputo vidogovidogo vikipanda mfululizo bila fujo, tia kuku. Ila mwenye uwezo anunue kipimajoto, maana ndani ya nyama panatakiwa pafike nyuzi 74 ndipo vijidudu kama salmonela vife. Yule mtoto wa wifi angekula lile paja bichi, ningemjibu nini mama yake?

Hotpoti sitaki hata kuizungumzia kwa upole. Kuku aliyetoka kwenye mafuta anatoa mvuke, ukimfunika mvuke unarudi kwenye ganda. Mtu aliyewahi kufunika chipsi anajua hili! Na kwa unyevu wa hewa ya Dar ganda linalainika hata likiwa wazi, sembuse ndani ya hotpoti. Mweke kwenye wavu, hewa ipite chini. Wageni wakichelewa, subiri wafike halafu mrudishe kwenye mafuta dakika mbili kwa nyuzi 185 hivi, ganda linakauka upya na linakuwa kavu kuliko mwanzo. Siku ile ningejua hilo tu, nisingeaibika.

Na pilipili mliyoiahidi mpaka mfupani haikuwepo, kwa sababu mliijaza kwenye unga wa nje. Pilipili ya unga inaungua haraka ikawa chungu. Ukali wake unayeyuka kwenye mafuta, hauyeyuki kwenye maji, ndiyo maana ukiwashwa ukinywa maji husikii nafuu. Kwa hiyo kuku akishatoka, chota upawa mmoja wa mafuta yaleyale ya moto, yaache yapoe kidogo, yamimine juu ya vijiko viwili vya pilipili ya unga, sukari kidogo na chumvi, koroga, pakaza kwa brashi. Huo ndio ukali. Haukai kwenye pakiti ya elfu nane.

Hiyo pakiti nayo: mfuko wa nailoni mweupe umefungwa kwa mshumaa, hauna jina la mtengenezaji, hauna tarehe, haujaorodhesha kilichomo. Nilimimina kwenye sahani, nikaona chumvi, binzari na kitu kinachonukia kama mchuzi maksi. Tangu 2019 usalama wa chakula uko chini ya TBS, Shirika la Viwango Tanzania, na mtu anauza kitu cha kuliwa kisicho hata na lebo, anakituma mikoani kwa basi. Mwenye mtoto asiyepatana na karanga au maziwa atajuaje?

Halafu neno "ladha ileile ya KFC" liacheni. Harland Sanders wa Kentucky, mwanzilishi wa KFC, alianza kukaangia kuku kwenye sufuria za presha tangu mwishoni mwa miaka ya 1930, na mpaka leo kazi ile ina mashine zake. Jikoni kwetu hatuna hizo. Na nawaomba, yeyote anayesoma hapa asijaribu kufunga mafuta ya moto kwenye presha kuka ya nyumbani. Haikutengenezwa kwa kazi hiyo, ikilipuka inaunguza uso.

Kinachoniuma si elfu ishirini na nane peke yake. Kwenye lile kundi tulikuwa zaidi ya watu mia, wengi akina mama wanaotaka kuanza kuuza kuku jioni barazani. Dada mmoja alisema kuku aliyeharibika ndio mtaji wake wote wa wiki. Akajibiwa aongeze pakiti mbili. Nimekaa na ile meseji yake siku nyingi.

Nimeomba hela yangu irudishwe mara tatu, namba imeniblok. Mliolipia darasa la namna hii na mkatolewa kwenye kundi baada ya kuuliza, andikeni hapa. Na aliyeharibu kuku aseme alifanyaje na moto wake ulikuwaje, nitamjibu hapahapa, bure.