Makadirio ya gharama za silaha Marekani: takwimu ni nyingi, mbona yanakosea kiasi hiki?

Mkadiriaji_Dodoma:

Salaam, wanajukwaa. Mimi ni mkadiriaji majenzi, na kwa sasa naandika tasnifu ya uzamili kuhusu ukadiriaji wa gharama za miradi mikubwa ya umma. Nimechagua Sentinel, programu ya Jeshi la Anga la Marekani ya kuondoa makombora ya nyuklia ya Minuteman III na kuweka mapya. Septemba 2020 ilikadiriwa kugharimu takriban dola bilioni 77.7; Julai 2024 Wizara ya Ulinzi ikatangaza dola bilioni 140.9, ongezeko la asilimia 81. Nchi hiyo ina sheria ya Nunn-McCurdy tangu 1982, ambayo hulazimisha Bunge lipewe taarifa pale gharama za programu zinapovuka kiwango, na tangu 2009 ina ofisi ya CAPE inayofanya makadirio yasiyotegemea yale ya wasimamizi wa programu. Je, kinachokwama ni takwimu, ni zana za kukadiria, au ni watu?

Hesabu_Kwanza:

Ndugu, nitajibu kwa upande ninaoufahamu. Kwa miaka kadhaa nimeandaa taarifa za gharama katika kampuni moja ya huku Marekani inayofanya kazi chini ya wakandarasi wakubwa wa ulinzi. Katika mikataba mikubwa, mkandarasi hutakiwa kuwasilisha gharama halisi zilizogawanywa kwa mchanganuo wa kazi (orodha inayoupasua mradi katika vipengele vyake) unaofuata kiwango cha kijeshi cha MIL-STD-881, na taarifa hizo huhifadhiwa katika hazina ya CADE, ambamo wachambuzi wa serikali huchota. Kwa hiyo takwimu zipo, tena nyingi. Swali ni kama namba mbili zilizokaa kwenye mstari mmoja zinahusu kazi moja.

Nitoe mfano nilioushika kwa mikono yangu. Katika mkataba mmoja, saa za mafundi waliotengeneza vishikizo vya kulehemu ziliandikwa chini ya zana za uzalishaji. Mkataba uliofuata ulikuta mfumo wa uhasibu umebadilishwa, na saa za mafundi walewale, katika karakana ileile, zikaangukia kwenye uundaji wa bidhaa yenyewe. Mchambuzi aliyeko mbali angeona saa za uundaji zimepanda na kuamini kwamba wafanyakazi wamekuwa wazito, na makosa hayo yangeingia katika fomula ya kukadiria programu nyingine kabisa. Nilikaa na msimamizi wa karakana siku tatu tukipitia kadi za saa moja baada ya nyingine hadi tukaelewa kilichotokea, kisha tukaambatanisha maelezo ya nusu ukurasa. Naamini kwa dhati kwamba ile nusu ukurasa ilikuwa na thamani kuliko jedwali lote.

Mama_Hesabu:

Naomba nitofautiane kidogo na ndugu aliyetangulia, maana si kila kosa linatokana na uandishi wa saa. Tazameni meli za kivita za Zumwalt: zilipangwa 32, zikajengwa 3. Gharama za utafiti ambazo zingegawanywa kwa meli nyingi zikabebwa na hizo tatu, na mwaka 2010 programu ikavuka kiwango cha juu cha Nunn-McCurdy. Tena kuna jambo ambalo mhandisi T. P. Wright alilionyesha mwaka 1936 kwa ndege: kila idadi iliyokwisha kutengenezwa inapoongezeka maradufu, saa za kazi kwa ndege moja hushuka kwa takriban asilimia 20. Ununuzi ukikatwa mapema, nafuu hiyo haifikiwi, ilhali makadirio ya mwanzo yalikwisha kuihesabu. Ndiyo maana nashikilia kwamba zana yoyote inayotoa gharama ya kitu kimoja bila kutenganisha utafiti na uzalishaji, na bila kuonyesha namba inavyobadilika idadi ikipungua, inampotosha anayeamua.

Mkadiriaji_Dodoma:

Nashukuru sana, mama, na wewe pia, ndugu. Lakini kwa Sentinel, ongezeko lilitokea wapi hasa? Katika kombora lenyewe?

Hesabu_Kwanza:

Mama amesema kweli kuhusu idadi, na ninalipokea. Kwa Sentinel, sehemu kubwa ya ongezeko imetoka ardhini: vituo vya kurushia na kuongozea makombora, pamoja na kazi ya kubadilisha vile vya zamani. Hapo ndipo taaluma yako inapoingia, ndugu. Kuna mashimo 450 ya kurushia yaliyotawanyika Montana, North Dakota, Wyoming, Colorado na Nebraska, na mengi yalijengwa katika miaka ya 1960. Mpango wa awali ulichukulia kwamba yatakarabatiwa na kutumika tena; mwaka 2025 Jeshi la Anga likasema kwamba kwa sehemu kubwa litalazimika kuchimba mapya. Kwa roketi, mkadiriaji ana programu za karibuni za kulinganisha nazo. Kwa ujenzi wa aina hii na wa ukubwa huu, mfano wa mwisho una zaidi ya nusu karne, na zege la wakati ule halikumwambia mtu hali yake ya leo mpaka lilipokaguliwa.

Kwa hiyo maboresho ninayoyataka mimi si fomula mpya. Nataka hazina ya takwimu ihifadhi dhana pembeni ya namba iliyotokana nayo: nani alichukulia kwamba shimo litatumika tena, lini, na baada ya kukagua mashimo mangapi. Leo dhana hubaki katika ripoti na namba husafiri peke yake hadi kwenye makadirio yanayofuata. Ukiweza, katika tasnifu yako chukua kipengele kimoja cha ujenzi, hata kama ni zege tu, ukifuatilie kutoka kwenye dhana yake ya 2020 hadi kilipofika. Nitafurahi kusoma rasimu ya sura hiyo.